Mpira ukinasa ukutani, hesabu inapigwaje?

Usiku wa 31 Oktoba 2025, mjini Toronto nchini Kanada, bao zima lilifutwa kwa sababu mpira ulikataa kudunda.

Ilikuwa fainali ya besiboli kati ya wenyeji, Toronto Blue Jays, na Los Angeles Dodgers kutoka ng'ambo ya mpaka, Marekani. Toronto walikuwa mbele kwa michezo mitatu kwa miwili. Wakishinda huo wa sita, wanabeba ubingwa ambao hawakuwa wameuonja tangu 1993. Lakini walikuwa nyuma kwa mabao 3-1, na waliingia katika zamu yao ya mwisho ya kupiga.

Wakiwa na mkimbiaji mmoja kituo cha kwanza, Addison Barger aliupiga mpira ukaruka hadi mwisho kabisa wa uwanja. Mkimbiaji, Myles Straw, akatimua mbio hadi nyumbani. Barger naye hakusimama. Uwanja mzima ulikuwa umesimama.

Kumbe mpira ulikuwa umenasa chini ya ukuta, pale sponji ya ukuta inapokutana na ardhi. Justin Dean wa Dodgers alifika, akautazama, hakuugusa. Akainua mikono yote miwili juu.

Waamuzi wakasimamisha mchezo. Straw akarudishwa kituo cha tatu, Barger kituo cha pili, na bao likafutwa. Video ikaangaliwa, uamuzi ukabaki ule ule. Aliyefuata kupiga akatolewa. Wa pili akapiga mpira wa chini chini, Enrique Hernández akaudaka akikimbia na kuutupa haraka kituo cha pili, ambako Barger alikuwa ameshatoka mbali na kituo chake. Mchezo ukaisha 3-1. Kesho yake Dodgers walishinda 5-4 na kuondoka na kombe.

Je, Toronto walionewa? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina mengi ya kumfaa mtu yeyote ambaye riziki yake inategemea kanuni zinazosomwa na mtu mwingine: afisa, mkaguzi au mwamuzi.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Besiboli si ngeni kabisa kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto, Little League World Series, mjini Williamsport, Pennsylvania, na huko waliifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka 2022 Dodgers hao hao waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Dar es Salaam nako, mchezo huu umeota mizizi katika Shule ya Sekondari Azania kwa msaada wa Wajapani.

Kwa asiyeujua: mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa rungu. Akipiga, anakimbia kupita vituo vitatu hadi afike nyumbani, yaani pale alipoanzia. Akifika, ni bao. Wapinzani wametawanyika uwanjani wakiwa na glavu. Wakiudaka mpira ukiwa bado angani, mpigaji ametoka. Ukigusa chini kwanza, lazima waufikishe kituoni kabla ya mkimbiaji. Watatu wakitoka, timu zinabadilishana.

Kwa hiyo karibu kila ugomvi wa besiboli unarudi kwenye maswali mawili. La kwanza: mpira umedakwa au haujadakwa? La pili: mpira uko mchezoni au umetoka?

Umedakwa ni nini?

Mtu angedhani kudaka hakuhitaji maelezo. Kitabu cha kanuni kinafikiri vingine, na kinaweka masharti.

Kwanza, mpira uwe bado angani. Ukigusa ardhi, ukuta au mwamuzi kabla haujashikwa, hakuna tena kudaka. Wachezaji wawili wa timu moja wanaweza kupokezana: ukimponyoka wa kwanza na wa pili akauwahi kabla haujagusa chini, ni halali.

Pili, ushikwe kwa mkono au glavu. Kofia hairuhusiwi, wala mfuko, wala kifua cha shati. Mpira ukitua ndani ya fulana ya mchezaji na kubaki humo, hajadaka kitu, hata kama haujagusa ardhi kamwe.

Tatu, aushike kwa uthabiti kiasi cha kuonyesha kwamba anautawala, na akiuachia, auachie kwa kutaka mwenyewe. Akiudaka, akagonga ukuta papo hapo na mpira ukamtoka, hesabu inakuwa kwamba hakudaka.

Sharti hilo la tatu liliwahi kuzusha kelele. Msimu wa 2014 ulipoanza, waamuzi wa ligi kuu ya Marekani walielekezwa kulitafsiri kwa ukali zaidi: mchezaji akidondosha mpira wakati anautoa kwenye glavu kuuhamishia mkono wa kutupia, ihesabiwe kwamba hakuudaka. Mipira ambayo kila mtu uwanjani aliona imedakwa ikaanza kukataliwa. Wakimbiaji hawakujua wakimbie au wasimame. Tarehe 25 Aprili, msimu ukiwa haujatimiza hata miezi miwili, kamati ya kanuni ilirudisha tafsiri ya zamani. Maneno ya kitabu yalikuwa yale yale muda wote. Kilichobadilika ni jinsi yalivyosomwa mezani, na hilo pekee lilitosha kuvuruga kazi.

Kizaazaa cha Milwaukee

Wiki mbili na nusu kabla ya usiku ule wa Toronto, Dodgers walikuwa wameshaonja upande mchungu wa kanuni hizi. Ilikuwa 13 Oktoba 2025, ugenini kwa Milwaukee Brewers. Hakuna aliyekuwa na bao. Dodgers walikuwa na wakimbiaji kwenye vituo vyote vitatu, na mmoja tu alikuwa ametoka.

Max Muncy akapiga mpira mrefu. Sal Frelick wa Milwaukee akaruka ukutani. Mpira ukaingia kwenye glavu, ukachomoka, ukagusa ukuta, ukarudi kwenye glavu yake. Kwa macho ya watu wengi, huyo amedaka. Kwa mwamuzi aliyekuwa akitazama, ukuta ulikuwa umeshaguswa, na akaonyesha ishara kwamba haujadakwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowamaliza Dodgers. Mpira ukidakwa, mkimbiaji anatakiwa awe amegusa kituo chake kwanza ndipo akimbie. Usipodakwa na vituo vimejaa, kila mmoja analazimika kusogea mbele. Wakimbiaji waliamini umedakwa. Aliyekuwa kituo cha tatu alianza kutoka, akarudi, kisha akatoka tena. Aliyekuwa cha pili akabaki karibu na kituo chake. Mpira ukatupwa nyumbani, ambako mdakaji William Contreras aliukanyagia kituo na kumtoa wa kwanza. Halafu akatembea na mpira mkononi hadi kituo cha tatu, akakikanyaga, na wa pili naye akawa ametoka. Pigo lililokuwa limekaribia kuvuka ukuta kwa mabao manne likaishia bila hata moja.

Dodgers walishinda mchezo ule 2-1, kwa hiyo kovu halikuwa kubwa. Lakini ndani ya kisa hicho kuna kipengele kimoja cha kanuni ambacho wengi hawakijui. Mkimbiaji haruhusiwi tu kutoka mpira unapotulia mkononi. Anaruhusiwa kutoka mara tu mlinzi wa kwanza anapougusa. Sababu ni ya kijanja. Bila hivyo, mchezaji angeweza kuupigapiga mpira hewani makusudi, hatua kwa hatua akielekea vituoni, huku wakimbiaji wamegandishwa wakisubiri amalize kudaka. Kanuni iliona ujanja huo na ikauziba mapema.

Glavu ni mkono, shati si mkono

Sasa tuje kwenye mpira uliokwama. Hapa pana tofauti ambayo ukiielewa, maamuzi mengi yanaacha kuonekana kama bahati nasibu.

Mwaka 1986 mrushaji wa San Francisco Giants, Terry Mulholland, aliokota mpira uliopigwa na Keith Hernandez wa New York Mets, akakuta umekwama kabisa kwenye glavu. Alivuta, haukutoka. Akavua glavu nzima na kumrushia mwenzake wa kituo cha kwanza, Bob Brenly. Brenly akaipokea ikiwa na mpira ndani, mguu wake ukiwa kituoni. Mpigaji akatolewa. Mwaka 1999 Orlando Hernández wa New York Yankees alifanya vivyo hivyo, na uamuzi ukawa ule ule. Glavu ni chombo halali cha kushikia mpira, kwa hiyo anayeshika glavu yenye mpira ndani yake ameshika mpira.

Lakini jaribu kutumia glavu hiyo hiyo kwa njia nyingine. Mchezaji akiutupia glavu mpira uliopigwa kihalali na ikaugusa, mpigaji anapewa vituo vitatu. Akivua kofia na kuuzuia nayo makusudi, ni vitatu pia. Kifaa ni halali kikitumika kwa kazi yake na mahali pake. Ukikitoa mahali pake ili kujipatia faida, unatozwa.

Shati ni habari nyingine. Mpira ukiteleza na kujificha ndani ya jezi bila mtu kukusudia, mwamuzi anasimamisha mchezo. Waamuzi wanaelekezwa kuwaweka wakimbiaji pale ambapo, kwa busara yao, wangefika kama mpira usingepotea. Hapo hakuna namba iliyoandikwa, kuna busara tu.

Kwa mpira uliorushwa na kukwama kwenye barakoa au mavazi ya kinga ya mdakaji au ya mwamuzi, kitabu kimeweka namba: wakimbiaji wanasogea kituo kimoja. Mwaka 2017 mdakaji Yadier Molina wa St. Louis Cardinals alionekana akizunguka huku na huko kuutafuta mpira chini, kumbe umemganda kifuani kama kupe. Mpigaji, ambaye alikuwa amekosa mpira wa tatu na angehesabiwa ametoka kama Molina angeudaka, aliondoka zake mbio akafika kituo cha kwanza. Muda mfupi baadaye mwenzake alipiga mpira uliovuka ukuta na kuleta mabao matatu.

Majani, paa na chuma

Mpira ukinasa kwenye jengo lenyewe, yaani uzio, ubao wa matokeo au majani yanayotambaa ukutani, kanuni haina maneno mengi: vituo viwili kwa mpigaji, na vituo viwili kwa kila mkimbiaji, vikihesabiwa kuanzia pale alipokuwa mpira uliporushwa. Haviongezeki na havipungui.

Uwanja wa Wrigley mjini Chicago unajulikana kwa ukuta wake uliofunikwa na majani mabichi yaliyopandwa mwaka 1937. Mpira ukipotelea humo, mlinzi anainua mikono na mwamuzi anakuja kuangalia. Lakini mlinzi akiingiza mkono kuutafuta, amekubali kwamba mchezo unaendelea, na wakimbiaji wanaweza kwenda hadi wachoke. Huwezi kujaribu bahati yako kwanza, halafu ukishindwa ndipo udai ulinzi wa kanuni.

Mwaka 1984 Dave Kingman wa Oakland aliupiga mpira juu kabisa ndani ya uwanja wa Metrodome, Minneapolis, ambao paa lake lilikuwa la kitambaa. Wachezaji wakasubiri chini, shingo juu. Mpira haukurudi. Ulikuwa umepenya kwenye tundu la paa. Kingman akapewa vituo viwili. Mwaka 1999 José Canseco alipiga mpira uliokwama kwenye mojawapo ya njia za chuma zilizoning'inia chini ya paa la uwanja wa Tropicana, Florida. Naye akapata viwili.

Angalia namba. Mpira wa Kingman ulikwenda juu moja kwa moja, na kama si tundu lile huenda ungeshuka mikononi mwa mlinzi naye akatolewa. Mpira wa Barger, kama ungedunda kawaida, ungemleta Straw nyumbani bila ubishi. Mmoja alipewa zaidi ya alichostahili, mwingine pungufu. Mwamuzi hakumuuliza yeyote kati yao anastahili nini. Aliuliza jambo moja: umenasa, haukunasa? Namba ilikuwa imeshaandikwa.

Ndiyo maana Dean hakuugusa mpira pale Toronto. Kuinua mikono si uamuzi, ni ombi. Mwamuzi ndiye anayekwenda kuthibitisha. Lakini kama angeuchomoa na kuutupa, angeweza kuwa ameharibu ushahidi wake mwenyewe. Aliuacha pale pale ulipo, akamwita mwenye mamlaka ya kuusoma. Mfanyabiashara aliyewahi kukuta mzigo wake umefunguliwa njiani kabla ya ukaguzi anaelewa uzito wa jambo hilo.

Mkutano kabla ya mchezo

Kuna ajali za aina mbili basi. Ajali ya mwili, kama mpira kuingia shatini, haitabiriki, kwa hiyo mwamuzi anapewa busara. Ajali ya mahali, kama ukuta, majani au paa, inatabirika, kwa sababu ukuta upo pale kila siku. Kwa hiyo inawekewa namba mapema.

Lakini viwanja havifanani. Kimoja kina paa, kingine kina mti, kingine kina mfereji. Nani anaamua mpira ukiingia mferejini?

Hapa ndipo besiboli ina utaratibu ambao ningependa usomwe katika kila ofisi ya mpakani. Kabla ya mchezo, kiongozi wa timu ya nyumbani anawasilisha kanuni za uwanja wake kwa mwamuzi mkuu na kwa kiongozi wa wageni. Wageni wakikubali, zinakuwa sheria ya siku hiyo. Wakikataa, mwenyeji hawezi kuwalazimisha: mwamuzi mkuu anatunga za kwake, mradi zisipingane na kitabu, na pande zote zinazifuata. Uwanja ni wa mwenyeji, lakini kanuni si yake peke yake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imejaribu kitu kinachofanana na hicho. Chini ya utaratibu wake rahisi wa biashara, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni bidhaa ya nchi wanachama na upo kwenye orodha iliyokubaliwa, unavuka kwa cheti chepesi cha asili kinachopatikana mpakani, bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya au viwango vinaweza kubaki. Faida yake ni ile ile ya vituo viwili: namba inajulikana kabla mzigo haujapakiwa, na haitegemei sura ya mtu wala hali ya hewa ya ofisi siku hiyo. Hasara nayo ni ile ile. Mwenye mzigo wa dola 2,100 atalia kama Straw alivyoweza kulia pale kituo cha tatu.

Karatasi pia zina sehemu yake. Mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya Lugazi, timu nyingine ya watoto kutoka Kampala ilikuwa imeshinda nafasi ya kwenda Williamsport. Haikwenda. Ilinyimwa viza za Marekani kwa sababu ya kasoro kwenye nyaraka za umri wa wachezaji, na nafasi yake ikachukuliwa na timu kutoka Saudi Arabia. Januari 2012 timu ya Langley, Kanada, iliyokuwa imepangwa kukutana nao, ilisafiri hadi Uganda kuucheza mchezo huo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata ushindi unaweza kupotea hivyo hivyo.

Kwa hiyo siku ukipita Kampala au Dar es Salaam ukakuta vijana wakicheza, usitazame rungu tu. Tazama mpira unapokwenda mbali, na mikono ya mlinzi aliyeufikia. Ikipanda juu, jua kwamba anaomba hesabu ifanywe kwa namba ambayo wote waliikubali kabla hawajaanza. Na wewe, kabla hujavusha mzigo wako ujao, uliza swali lile lile linaloulizwa kwenye mkutano wa kabla ya mchezo: ukinasa hapa, tunahesabuje?